Ngumi za Sherlock Holmes

Daktari wa meli na glavu zake, 1880–1890

Tarehe 28 Februari 1880 meli ya kuwinda nyangumi iitwayo Hope iling'oa nanga katika bandari ya Peterhead, Uskochi, ikaelekea bahari ya barafu. Daktari wake alikuwa kijana wa miaka 20 ambaye hata masomo ya udaktari hajayamaliza, Arthur Conan Doyle. Katika mizigo yake zilikuwamo glavu za ndondi. Jack Lamb, mhudumu wa meli, alipoziona hakungoja, alitaka zijaribiwe papo hapo. Lamb alikuwa mfupi wa kimo, mwenye nguvu, na kanuni za mchezo hakuzijua hata moja. Alimvamia daktari kama aliyepandwa na mori, mpaka Doyle akalazimika kumtandika kwelikweli ili atulie. Usiku huo Doyle akamsikia kupitia ukuta wa chumba akimsifu kwa afisa mmoja wa meli: daktari bora kuliko huyu hawajapata kuwa naye, maana amemvimbisha jicho.

Doyle mwenyewe alikisimulia kisa hiki uzeeni. Kinafaa kutangulizwa, kwa sababu sinema ya Sherlock Holmes ilipotoka mwaka 2009, ikiongozwa na Guy Ritchie, wengi walilalamika kwamba Hollywood imempachika mpelelezi yule misuli isiyo yake. Walitaka Holmes wa kiko na kiti cha kuegemea. Lakini aliyemuumba alikuwa mtu wa michezo tangu ujana: alicheza kriketi, alidaka golini katika timu ya mpira ya Portsmouth, na mwaka 1896 alitoa riwaya nzima ya ndondi, Rodney Stone. Mtu wa namna hiyo asingeumba shujaa asiyejua kukunja ngumi.

Kichwa cha Holmes, naam, kilitoka kwingine. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh Doyle alikuwa karani wa Dokta Joseph Bell, mpasuaji aliyependa kuwashangaza wanafunzi kwa kumsoma mgonjwa kabla hajafumbua mdomo. Siku moja aliingia mtu ambaye Bell, baada ya kumtazama kidogo, alimwambia kwamba alikuwa askari wa kikosi cha Uskochi, kwamba ameacha jeshi karibuni, na kwamba alikuwa kisiwani Barbados. Yote yalikuwa kweli. Mgonjwa alikuwa na adabu lakini hakuvua kofia, kama ilivyo desturi ya jeshini, kwa hiyo bado hajazoea uraia. Na ugonjwa wake ulikuwa matende, ambayo hayapatikani Uskochi. Msomaji wa Pwani yetu hahitaji kuelezwa matende ni nini. Kwa wanafunzi wa Edinburgh, ilikuwa kama ramli.

Mwaka 1882 Doyle alifungua zahanati Southsea, Portsmouth. Wagonjwa walikuwa haba, naye akawa anaandika. Mwaka 1886 alimaliza A Study in Scarlet, wachapishaji kadhaa wakaikataa, na hatimaye kampuni ya Ward Lock ikainunua moja kwa moja kwa pauni 25. Ilitoka katika jarida la Krismasi la mwaka 1887. Humo Watson, daktari anayesimulia visa vya Holmes na aliyetoka tu kuhamia nyumba moja naye, anaandika orodha ya mambo Holmes anayoyajua na asiyoyajua. Fasihi sufuri, falsafa sufuri, kemia tele. Karibu na mwisho wa orodha hiyo ndipo panapotajwa kwamba ni hodari wa fimbo, wa masumbwi na wa upanga. Sentensi moja tu, ila ilikuwamo tangu siku ya kwanza.

Riwaya ya pili ilizaliwa mezani. Agosti 1889 Joseph Stoddart, mhariri wa jarida la Lippincott's la Marekani, aliwaalika chakula cha jioni katika hoteli ya Langham, London, waandishi wawili: Doyle na Oscar Wilde. Kila mmoja aliondoka na ahadi ya kuandika. Wilde akaleta The Picture of Dorian Gray, Doyle akaleta The Sign of Four, iliyotoka mwaka 1890. Ndani yake kuna tukio dogo ambalo litakuwa na uzito mkubwa huko mbele. Usiku, Holmes na wenzake wanafika kwenye jumba moja na bawabu anakataa kuwafungulia. Bawabu huyo ni McMurdo, bondia mstaafu. Holmes anamkumbusha kwamba miaka minne nyuma walipigana raundi tatu ulingoni. McMurdo anabadilika uso palepale: angejitambulisha kwa ile ngumi yake ya chini ya taya, asingeulizwa jina. Anamlaumu hata kidogo kwa kupoteza kipaji, kwani angeingia katika ndondi angefika mbali.

Kifo na ufufuko, 1891–1903

Julai 1891 jarida la Strand lilianza kuchapa hadithi fupi za Holmes na umaarufu ukalipuka. Mchoraji Sidney Paget akampa sura nyembamba na, katika baadhi ya michoro, ile kofia ya wawindaji yenye vifuniko vya masikio. Doyle alijaribu kujinasua kwa kupandisha bei. Alidai pauni 50 kwa hadithi, wakalipa. Akadai pauni 1,000 kwa hadithi 12, wakalipa. Alikuwa anataka kuandika riwaya za historia, na Holmes alimzibia njia. Mwaka 1893, mwaka ambao mkewe Louise aligundulika kuwa na kifua kikuu, Doyle alifika Uswisi akayaona maporomoko ya Reichenbach, akapata kaburi alilokuwa akilitafuta. Desemba ya mwaka huo Strand ilitoa hadithi ambayo Holmes na adui yake, Profesa Moriarty, wanakabana ukingoni mwa maporomoko na kupotelea humo.

Kanuni ya mabanda ya video inajulikana na kila mtoto wa mtaani: stelingi hafi. Wasomaji wa London waliamini hivyo hivyo miaka 90 kabla ya mabanda hayo kujengwa. Barua za hasira zilimiminika, na mama mmoja aliianza yake kwa tusi. Doyle alivumilia miaka minane. Mwaka 1901 akaanza kuchapa The Hound of the Baskervilles, akiifanya kisa cha kabla ya kifo. Mwaka 1903, baada ya jarida la Collier's la Marekani kumwekea fedha nyingi mezani, alisalimu amri na kumfufua kabisa.

Hapo ndipo tatizo la kitaalamu lilipojitokeza. Watu wawili wamekabana ukingoni mwa shimo. Mmoja anatokaje hai? Akili haiwezi kumwokoa mtu anayevutwa mwili mzima. Doyle alijibu kwa mieleka. Holmes anamwambia Watson kwamba anajua kidogo mtindo wa mieleka ya Kijapani, akajichomoa katika mikono ya Moriarty, na profesa akaenda chini peke yake. Mtindo huo haukuwa wa kubuni. Mhandisi Edward Barton-Wright, aliyefanya kazi Japani, alirudi Uingereza mwaka 1898 na kufungua London klabu ya mchanganyiko wa jujitsu, ndondi, mateke ya Kifaransa na mapigano ya bakora. Aliuita bartitsu, kwa kuchanganya jina lake na la jujitsu. Doyle aliandika jina hilo kwa kosa, herufi moja ikaanguka njiani. Klabu yenyewe haikudumu, na mtindo huo ungesahauliwa kabisa kama usingekuwa ndio uliomtoa Holmes kaburini.

Hadithi ziliendelea hadi 1927, riwaya nne na hadithi fupi 56. Ndani yake Holmes anaunyoosha kwa mikono mtarimbo wa chuma uliokunjwa na mhalifu mmoja, Dokta Roylott, anamchapa mhuni baa kwa ngumi ya kushoto, anatoboa ukuta wa sebule kwa risasi akiandika herufi za jina la Malkia Victoria, na anajidunga kokeini akikosa kazi. Doyle alifariki tarehe 7 Julai 1930.

Jukwaa na kamera zamvisha suti, 1899–1994

Basi ngumi zilienda wapi? Jibu liko jukwaani. Doyle aliandika tamthilia ya Holmes, ikafika mikononi mwa mwigizaji wa Marekani William Gillette, ambaye aliiandika upya. Gillette alimpelekea Doyle simu ya maandishi akiomba ruhusa ya kumwoza Holmes. Doyle, aliyekuwa amemchoka mtu huyo, alijibu kwamba amwoze, amuue au amfanye apendavyo. Ruhusa hiyo ilikuwa pana kuliko alivyodhani, na waigizaji na waongozaji wanaitumia hadi leo.

Tamthilia ilifunguliwa New York mwaka 1899, na Gillette aliucheza uhusika huo zaidi ya mara 1,300. Kiko kilichopinda ni chake, hakimo vitabuni. Utulivu ule wa mtu asiyetoka jasho nao ni wake. Tazama tukio lililowanyanyua watu vitini: Holmes amezingirwa na majambazi katika chumba cha kuulia kwa gesi. Badala ya kupigana, anaivunja taa kwa kiti. Giza tupu, isipokuwa moto wa sigara yake dirishani. Majambazi wanaurukia moto huo. Taa inapowashwa, sigara iko peke yake kwenye upenyo wa dirisha na Holmes yuko mlangoni upande wa pili. Ni ujanja mtupu, bila ngumi hata moja, na ulimpendeza mtazamaji kiasi kwamba tangu hapo ndivyo alivyotarajiwa kuwa. Gillette aliurudia uhusika wake katika filamu ya mwaka 1916, ambayo ilipotea karibu karne nzima na kuonekana tena mwaka 2014 katika hifadhi ya filamu mjini Paris.

Kati ya 1939 na 1946 Basil Rathbone alicheza Holmes katika filamu 14. Alikuwa mtu mrefu, sauti kama wembe, suti safi. Studio ya Universal ilimhamishia katika Vita vya Pili vya Dunia na kumtuma akafukuze majasusi wa Hitler, jambo linalopaswa kukumbukwa na wale wanaodhani kumgeuza Holmes kulianza juzi. Dhuluma kubwa ya filamu hizo ilimwangukia Watson. Kitabuni ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa Maiwand, Afghanistan, mwenye bastola na moyo wa kuitumia. Nigel Bruce alimcheza kama mzee mwema anayepitwa na kila kitu, naye akabaki hivyo vichwani mwa watu kwa vizazi viwili. Jeremy Brett, kwenye televisheni ya Granada kuanzia 1984 hadi 1994, alirudisha wazimu wa Holmes na heshima ya Watson. Ngumi zilibaki kabatini.

Bwana Msa na waliomfuata, 1957–1981

Kuna sababu ya kupitia Zanzibar kabla ya kwenda Hollywood, kwani safari hiyohiyo, ya kutoka akili kwenda ngumi, tuliifanya sisi kabla yao. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la hadithi la Shirika la Maandishi la Afrika ya Mashariki la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko, ana Najum kama Holmes alivyo na Watson, na anafumbua mauaji kwa kufikiri huku wenzake wakiwasingizia mizimu. Kisima cha Giningi kilifuata mwaka 1968. Abdulla alimchukua Holmes wa kiti na kiko, akamvisha Uswahili mpaka ukamkaa.

Haikupita miaka 15, wasomaji wakataka damu. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, akaendelea naye katika Kikosi cha Kisasi na Njama, na baadaye Ben Mtobwa akaleta Joram Kiango. Hawa wanaruka, wanapiga, wanapanda ndege kwenda kuvunja njama za makaburu. Mzee wa kiko hakufutwa ila alisogezwa kando, kwa kuwa miji ilikuwa imekua, ukombozi wa Kusini ulikuwa kwenye kila redio, na vijana walikuwa wameshakaa kwenye kumbi za sinema wakimtazama James Bond na Bruce Lee. Mpelelezi hubadilika pale mtazamaji wake anapobadilika. Hollywood ilikuwa bado haijafika hapo kwa Holmes.

Kurasa 25 za michoro, 2007–2008

Lionel Wigram alikuwa mtu wa ofisini katika kampuni ya Warner Bros., mmoja wa waliohusika na filamu za Harry Potter. Kwa miaka kama kumi alikuwa na wazo moja: picha alizoziona kichwani akisoma Doyle hazikufanana na sinema yoyote aliyopata kuitazama. Alimwona Holmes mchafu wa nywele, mlala hoi wa hiari, mtu wa vichochoro na ulingo. Alijua pia kwamba ukiingia kwa mabosi wa studio na kusema Sherlock Holmes, kila mmoja anaona ile kofia. Kwa hiyo hakupeleka muswada. Aliandika hadithi na kumlipa mchoraji John Watkiss aichore iwe kitabu cha michoro cha kurasa 25. Mabosi walipofunua walimwona mtu tofauti, na mwaka 2007 wakakubali.

Kwamba walikubali haraka si ajabu. Warner Bros. walikuwa wametoa Batman Begins mwaka 2005 na kugundua kwamba shujaa aliyechakaa anaweza kuanzishwa upya akauza tiketi. Holmes alikuwa na faida ya ziada: jina linalojulikana dunia nzima, na Uingereza hakimiliki yake ilikuwa imekwisha mwaka 2000, miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Mwongozaji wa kwanza aliyetajwa alikuwa Neil Marshall. Mwaka 2008 kazi ikapewa Guy Ritchie.

Ritchie alikuwa anahitaji ushindi. Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya 1998 na Snatch ya 2000 zilimpa jina, kwa wahuni wa London, maneno ya kasi na ngumi kavukavu. Zilizofuata, Swept Away na Revolver, zilianguka vibaya. Holmes alimjua tangu shule ya bweni, ambako hadithi hizo zilisomwa kwenye vipaza sauti vya bwenini kama zawadi kwa watoto waliotulia. Alikuwa pia mfanya mazoezi wa jiu-jitsu ya Brazil. Alichotaka ni Holmes kijana, na Robert Downey Jr., mwenye miaka 43, alimwona amepitwa na umri.

Downey alijiingiza mwenyewe. Mkewe Susan alikuwa mmoja wa watayarishaji, pamoja na Joel Silver, Dan Lin na Wigram, na Downey aliposikia habari za mradi huo akautaka. Mei 2008 Iron Man ilikuwa imetoka, na mwigizaji aliyekuwa amepitia gerezani kwa kesi za dawa za kulevya akawa ghafla mtu anayetafutwa na kila studio. Historia yake iliongea bila kuandikwa kwenye muswada. Mtu aliyewahi kutawaliwa na dawa anamcheza mpelelezi wa kokeini; mtu aliyejinyanyua kwa msaada wa mazoezi ya wing chun anamcheza bingwa wa mieleka ya Kijapani. Mwalimu wake wa wing chun, Eric Oram, aliitwa kusaidia kupanga mapigano. Jude Law akachukuliwa kuwa Watson, na hapo askari wa Maiwand akarudi: ana kitambi cha nani? Hana. Ana bakora yenye upanga ndani, ana udhaifu wa kamari, na akipigwa anarudisha.

Vichochoro vya Manchester, Oktoba 2008 – Januari 2009

London ya leo ina vioo vingi mno kuwa London ya 1890. Sehemu ya upigaji picha ikapelekwa Manchester, katika mitaa ya maghala ya matofali, na katika gati za Liverpool. Ukumbi wa jiji la Manchester ukawa ndani ya Bunge la Uingereza. Daraja la Tower, ambalo ujenzi wake ulianza 1886 na kumalizika 1894, linaonekana likiwa mifupa ya chuma juu ya mto Thames, na pambano la mwisho linapiganwa juu yake.

Hadithi yenyewe haimo vitabuni. Bwana mkubwa mmoja, Lord Blackwood, aliyechezwa na Mark Strong, ananyongwa kwa makosa ya uchawi na mauaji, kisha kaburi lake linakutwa wazi. Anajitangaza kuwa amefufuka na anataka kuiteka nchi kwa hofu. Holmes anaamini kila muujiza una mtambo nyuma yake, na kazi ya filamu ni kuutafuta mtambo huo huku watu wakirushwa madirishani.

Lakini mtu akitaka kuona kwa nini filamu hii ilifanikiwa, asimtazame Blackwood. Atazame ulingo. Holmes yuko kifua wazi, anapigana bila glavu na jitu kubwa, watu wanapiga kelele na kucheza kamari. Jitu hilo linaitwa McMurdo, jina la yule bawabu wa 1890. Waandishi wa muswada walikuwa wamesoma. Holmes anaona kitambaa cha Irene Adler, mwanamke anayemfahamu, kwenye ukingo wa ulingo, mwenye kitambaa amekwisha ondoka, anaamua kuacha pambano. Anageuka kwenda zake. McMurdo anamtemea mate kisogoni.

Hapo wakati unasimama. Kwa kamera inayokamata picha nyingi mno kwa sekunde, tunaona kila pigo kabla halijapigwa, na sauti ya Holmes inaeleza kama daktari anayeandika dawa: kitambaa kirushwe kumpoteza macho, masikio yapigwe kwa pamoja, taya, mbavu, kisha teke la kiwambo cha kifua. Anataja hata muda ambao mtu huyo atahitaji kupona. Kisha mwendo unarudi wa kawaida na yote yanatokea kwa sekunde chache, jinsi yalivyopangwa. Ukumbi unanyamaza.

Ritchie na wenzake walikuwa wametatua kwa kamera fumbo la Doyle la mwaka 1903. Gillette alikuwa amechagua akili akaacha ngumi. Musiba wetu, ukipenda, alichagua ngumi. Hapa akili inaonekana ikiingia ndani ya ngumi, na mtazamaji aliyekuja kwa ajili ya mapigano anapewa kufikiri bila kuhubiriwa. Ndilo wazo kubwa la filamu nzima. Mengine ni mapambo, japo mapambo mazuri: herufi za risasi ukutani zimo, mbwa wa Watson yumo, na mtunzi wa muziki Hans Zimmer alinunua piano mbovu ya baa kwa dola 200 ili apate sauti iliyochakaa ya mitaa hiyo.

Krismasi ya 2009

Filamu ilifunguliwa Marekani tarehe 25 Desemba 2009, wiki moja baada ya Avatar. Kuifungua sinema mbele ya Avatar kulikuwa kama kutandaza biashara ya kahawa mlangoni pa harusi ya mfalme, na bado ilikusanya dola milioni 62 mwishoni mwa juma lile, ikashika nafasi ya pili. Kwa bajeti ya dola milioni 90 hivi, iliingiza takriban milioni 524 duniani kote. Januari 2010 Downey alipewa tuzo ya Golden Globe. Oscar zikaja kwa uteuzi tu, wa muziki wa Zimmer na wa mandhari.

Wahakiki waligawanyika, na malalamiko ya misuli ndiyo yaliyovuma. Nadhani walilaumu pasipostahili. Kosa la filamu hii liko kwenye fumbo. Doyle, hata anapotuficha jambo, hutuachia majivu, nyayo au kofia tuitazame pamoja na Watson. Ritchie anatuonyesha dalili kwa kupepesa jicho, halafu Holmes anazikusanya zote katika hotuba moja juu ya daraja: sumu ya mmea iliyosimamisha mapigo ya moyo, ndoano iliyomshika Blackwood kitanzini, maji ya mvua ambayo hayakuwa maji. Unaambiwa, hukupewa nafasi ya kukisia. Bwana Msa asingemfanyia Najum hivyo.

Waliokuja nyuma, 2010–2023

Milioni 524 ni hoja isiyohitaji wakili. Mwendelezo, A Game of Shadows, ulitoka Desemba 2011, Jared Harris akiwa Moriarty, ukapata zaidi ya dola milioni 540. Humo ule ufundi wa ulingoni unapevuka: Holmes na Moriarty wanasimama roshani juu ya Reichenbach, kila mmoja anapigana kichwani, na kila mmoja anamwona mwenzake akijibu. Holmes anagundua kwamba kwa hesabu zote atashindwa, basi anamkumbatia adui na kujirusha naye. Kama filamu ya kwanza ilikuwa na wazo kubwa, hii ndiyo iliyolifikisha mwisho.

Wengine nao walikuwa njiani. Julai 2010 BBC ilimleta Holmes wa simu za mkononi, Benedict Cumberbatch. Septemba 2012 CBS ikampeleka New York, na Lucy Liu akawa Watson. Mwaka huohuo wa 2012 kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtangaza Holmes kuwa mhusika binadamu wa fasihi aliyeigizwa mara nyingi zaidi kwenye filamu na televisheni, mara 254. Vichekesho vya Holmes & Watson vya mwaka 2018 vilipewa tuzo nne za Razzie, zile za ubovu, na vilistahili zote.

Vita vingine vilikuwa mahakamani. Marekani hakimiliki ya hadithi za mwisho ilikuwa bado hai, na warithi wa Doyle walidai kwamba Holmes mzima ni mali yao. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa, kwa hukumu ya Jaji Richard Posner, ilikataa: mhusika aliyekamilika katika hadithi za kabla ya 1923 ni wa watu wote, kilichobaki kwa warithi ni yaliyoongezwa baadaye tu. Mwaka 2020 warithi walirudi mahakamani dhidi ya filamu ya Enola Holmes, wakidai Holmes mwenye huruma ni wa hadithi za mwisho. Kesi ikaishia njiani.

Filamu ya tatu ya Downey ilitangaziwa tarehe ya Krismasi 2020, ikasogezwa hadi Desemba 2021, na tarehe hiyo nayo ikapita bila filamu. Wakati mashabiki wanangoja, tarehe 1 Januari 2023 hakimiliki ya hadithi za mwisho kabisa ilikwisha Marekani. Leo mwenye kamera, awe Manchester au Mikocheni, anaweza kumchukua Holmes wa visa vyote 60 bila kumlipa mtu senti. Mavazi, nyuso na hadithi ya Blackwood aviache, hivyo ni mali ya Warner Bros.; ngumi azichukue, ni za Doyle.